Samaki huyu ametoka mto gani?



Kila mwaka habari ni ile ile. Mtu anafika na piki, nyuma amefunga sashe za plastiki zenye watoto wa samaki, wale tunaita alevini. Anasema ni tilapia ya kisasa, inakua mbio. Komite inalipa, na jioni samaki wako ndani ya bwawa. Sisi tunaotembelea mabwawa yenu tumeona kwamba wanamemba wanauliza bei, wanauliza chakula, lakini karibu hakuna anayeuliza: huyu samaki ametoka mto gani?

Tunajua jibu mutakalotupa: bwawa letu limefungwa. Hapana, ndugu. Siku ya kuvuna munafungua maji, na maji yanakwenda kijitoni. Mvua kubwa ikinyesha usiku, ukuta unakatika. Alevini mdogo anapita hata kwenye wavu mzuri. Tukimwaga samaki bwawani, tuhesabu kwamba siku moja atafika mtoni.

Tena neno "tilapia" linatudanganya, sababu ziko aina nyingi. Tilapia ya Nile ni mwenyeji wa Ziwa Kivu na wa Tanganyika. Lakini mwenyeji wa Luapula na Ziwa Mweru ni tilapia nyingine, ile wataalamu wanaita makrochiri. Sasa angalia: makrochiri ililetwa Kivu na watu, huku ni mgeni. Na tilapia ya Nile ikipelekwa kwa ndugu zetu wa Haut-Katanga, kule ndiyo mgeni. Samaki ni yule yule, kilichobadilika ni maji tu.

Na mgeni huyo anaweza kuharibu. Kwenye mto Kafue, kule Zambia, tilapia ya Nile ilitoroka kwenye mabwawa ya wafugaji miaka ya 1980. Ikaenea, ikazaana na tilapia za pale. Mulimaji anaelewa: ni kama mahindi ya shamba mbili yaliyochavushana, mbegu ya wazee inapotea polepole na haununui tena sokoni. Siku tutakapotaka tilapia ya Luapula iliyo safi kwa ajili ya kufuga, tutaitoa wapi?

Kuna mzee mmoja alitukatiza hapo kwenye mkutano: "Na sambaza je?" Swali zuri sana. Sambaza haikuwa ya Kivu. Ililetwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo inalisha Goma, Bukavu na Rwanda. Hatutasema ilikuwa kosa, watoto wetu wanaila. Lakini tusiifanye sheria. Katikati ya Ziwa Kivu hapakuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vya majini, sambaza ikakuta nafasi tupu. Hata hivyo vile vidudu vikubwa kidogo vilimalizika. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja aliogopa kwamba uvuvi wenyewe utaanguka. Haukuanguka. Ndiyo kusema hata mwenye elimu hajui yote mbele, na hiyo ni sababu ya kwenda polepole, si ya kumwaga ovyo. Maana mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, lampriktisi, alionekana Kivu. Hakuna koperative iliyomuomba. Sasa anagombania chakula na sambaza karibu na ufuko, na hakuna njia ya kumutoa.

Wataalamu wana karatasi ya maswali 49 ya kupima samaki mgeni kabla hajaingia. Sisi hatuna haja ya yote. Lakini mengine munaweza kuuliza chini ya mti: hali ya hewa ya kwao inafanana na ya kwetu? Kuna fasi nyingine alitoroka akaleta hasara? Anakula samaki wenzake? Anazaa mara ngapi, na anaweza kuzaana na wa mto wetu? Mutu akijibu "sijui", hilo nalo ni jibu la kuandika. Kwa mawazo yetu, "sijui" mbili zinatosha kusimamisha ununuzi mpaka agronomu aje.

Tuseme ukweli, mashirika ya msaada nayo yana lawama. Mradi unataka hesabu ya alevini waliogawanywa kabla ya mwezi kuisha, na gari linapakia wanaopatikana. Tumeona hivyo. Kwa hiyo musione haya kukataa zawadi, hata ikija na gari lenye bendera.

Kwenye mkutano mkuu ujao, tunaomba komite iandike ndani ya PV jina la aina ya samaki, mto alikotoka, na bwawa alikozalishwa. Kama muuzaji hawezi kutaja hayo matatu, arudi na sashe zake, na munaweza kukamata wazazi wa tilapia kwenye mto wenu wenyewe. Wanakua polepole kidogo, ndiyo.