MITI KWANZA, KIBANDA BAADAYE

Ndugu wanaushirika,

Mchoro wa vibanda vya mapumziko umebandikwa hapa ubaoni tangu wiki iliyopita. Wengi wetu tumejua kusoma ukubwani, lakini mchoro tumeusoma. Tumeona vibanda vinne. Tumeona msingi wa zege. Tumeona barabara ya gari mpaka mlangoni. Mti hatukuona hata mmoja. Aliyechora alianza kwa kuufuta msitu wetu, ndipo akachora nyumba.

Sisi hatupingi vibanda. Familia za Tanga na Dar es Salaam hupanda huku Usambara watoto wakifunga shule, wanakimbia joto, nasi tunataka fedha hiyo iingie mfuko wa ushirika. Lakini hebu tuulizane: watu hawa wanafuata nini? Zege wanalo kwao tele. Wanafuata kivuli, ndege na maji baridi. Tukimaliza miti tutawauzia nini, vumbi?

Eti "tutakata michache tu." Haya, na mizizi je? Mizizi mingi ya mti haiendi chini sana, iko katika nusu mita ya juu, nayo hutambaa kupita hata kivuli cha matawi. Ukichimba mtaro wa msingi umeikata. Gari likipita kila siku udongo unashindiliwa, mizizi inakosa hewa. Mti haufi siku hiyo, bwana. Unakufa miaka miwili mitatu baadaye, pengine uangukie hicho hicho kibanda, familia imelala ndani. Na mvua ikipiga juu ya zege hainywewi na ardhi, inateremka na udongo mpaka chemchemi. Watakaochota tope ni mama zetu, si mchoraji.

Kibanda kinachofaa tunakijua. Kisimame juu ya nguzo, kama ghala letu la mahindi. Kila nguzo iwe na jiwe lake, na shimo lichimbwe kwa mkono; ukikuta mzizi mnene, sogeza nguzo, mzizi uuache. Kati ya jiwe na nguzo weka kofia ya bati kuzuia mchwa. Oili chafu hapana, maji yako chini yetu. Upande wa bondeni nguzo ziwe ndefu, upande wa juu fupi, basi hakuna haja ya kukwangua kilima. Chumba cha wazazi, chumba cha watoto chenye vitanda vya ghorofa, na baraza pana, maana mtu wa likizo hushinda barazani. Jiko na choo viwe vya pamoja, mbali na maji. Gari libaki barabara kuu, mizigo vijana wetu wataibeba kwa malipo.

Ndugu mmoja wa kamati amesema nyumba ya nguzo na bati ni ya kimaskini. Tunamjibu. Australia yuko msanifu, Glenn Murcutt. Mwaka 1975 alimaliza nyumba ya shambani karibu na Kempsey, imeinuliwa juu ya ardhi, ukuta mbao, paa bati la mawimbi kama haya yetu. Mwaka 2002 akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu wa dunia ni kubwa mno. Umaskini uko wapi hapo?

Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu ukingo wa mto ndani ya mita 60. Tumepima kwa kamba. Kibanda cha nne kiko mita 22.

Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya mkutano, tunapanda wote na kamba na vigingi. Tutaandika kila mti ulipo, halafu ndipo tutazame vibanda vinaingia vingapi. Vikiingia vitatu, ni vitatu. Mchoraji naye ameitwa. Aje na viatu vya kupandia mlima.

Katibu wa Chama, Tawi