Tumekuwa wa Ngapi?

Aliyeuliza alikuwa binti wa miaka saba, mikono bado kwenye usukani, jasho likimtiririka chini ya kofia ngumu iliyokizidi kichwa chake: "Mama, tumekuwa wa ngapi?" Ilikuwa Jumapili asubuhi, Coco Beach, Dar es Salaam, mwisho wa msafara wa baiskeli ambao tangazo lake lilisema kwa herufi kubwa kwamba ni wa familia na si mashindano. Mama akacheka, akamwambia hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Mtoto hakuridhika, na alikuwa na haki. Muda mrefu kabla hatujaingia, mshereheshaji alikuwa amewapokea vijana sita waliovaa suruali za kubana, spika ikinguruma: "Wa kwanza haooo!" Tulipofika sisi wa nyuma, spika ilikuwa imerudi kwenye muziki, na maji yaliyosalia kwenye ndoo yalikuwa yamepata moto.

Malalamiko juu ya waendesha baiskeli wa aina ya wale sita huishia kwenye tabia. Wana majivuno, wanasema watu, wanapita bila kupiga kengele. Wapo kweli. Juu ya Daraja la Tanzanite jamaa mmoja alipenya kati ya yule binti na mama yake, mahali ambapo hata paka angejiuliza mara mbili, akaacha neno moja tu: "Kushoto!" Alimaanisha kaeni kushoto, mimi napita kulia. Ila mtoto wa miaka saba akisikia kushoto, anageuza usukani kushoto. Gurudumu likaugonga ukingo, akashuka kwa mguu mmoja, akatutazama kama aliyekosea yeye.

Hata hivyo, tabia ni sehemu nyepesi ya jambo hili. Nzito ni habari ya pikipiki za trafiki.

Msafara wetu ulikuwa na pikipiki mbili za askari. Ya mbele inafungua njia, ya nyuma inafunga, na walio katikati wanapata barabara isiyo na magari. Mpango huo una sharti moja tu: msafara ubaki msafara. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa na anayekwenda 10 wakianza pamoja, baada ya dakika kumi wameachana kilomita tatu na ushee. Askari wa mbele aliwafuata wa mbele, kama alivyoagizwa. Wa nyuma alikaa na wa mwisho, kama alivyoagizwa. Katikati kukafunguka pengo, na Dar es Salaam haijawahi kuiacha nafasi ya barabara ikae bure. Bodaboda ziliingia kwanza, zikafuata bajaji, mwisho daladala moja ikasimama kushusha abiria mbele yetu kabisa, konda akitukodolea macho kama ng'ombe waliopotea njia. Vijana sita walikuwa wameondoka na ulinzi wa watu zaidi ya mia, nina hakika bila hata mmoja wao kujua.

Tuitazame na miguu yenyewe. Baiskeli ya yule binti ilikuwa ya inchi 16, haina gia. Pedali zikizunguka mara moja, inasogea kama mita mbili na nusu. Baiskeli ya mashindano, kwa gia ya kawaida ya tambarare, inakwenda kama mita saba kwa mzunguko huohuo mmoja. Juu ya hapo, wanaokimbia kwa kundi wanakatiana upepo, na nguvu anayookoa aliye nyuma ya mwenzake inaweza kukaribia theluthi. Mtoto anaukata upepo wa bahari peke yake, kwa kifua chake. Tena baiskeli iendayo polepole huyumba, ndiyo maana mtoto anahitaji upana wa barabara kuliko mtu mzima. Tunapompigia kelele "kaza, mama, kaza!" tunamdai hesabu ambayo baiskeli yake haiwezi kuilipa.

Nina rafiki ambaye angeweza kuwa mmoja wa wale sita. Huamka saa kumi alfajiri aifuate Barabara ya Bagamoyo kabla malori hayajachangamka, taa moja mbele, nyingine nyuma, dua katikati. Nilipomlalamikia alinijibu: "Kaka, barabara wanaifungia baiskeli mara moja moja, halafu unataka nikanyage kama nasambaza maji mtaani?" Hoja yake ina uzito. Mji huu haujampa mahali pa kukimbilia, na kumwambia mtu mwenye misuli na baiskeli ya mamilioni kwamba Jumapili yake ni ya kutembeza watoto wa wenzake si jambo dogo. Lakini yeye ana saa kumi alfajiri. Ni saa ya giza, na malori yamo, ila anayo. Yule binti hana saa nyingine. Akiondolewa Jumapili hiyo, anarudi kuzunguka uani.

Nami si msafi. Kuna siku natoka Pugu, mzee mwenye baiskeli ya Phoenix iliyobeba magunia mawili ya mkaa akanipita kwenye mteremko. Sikuwa na haraka yoyote. Ghafla nikajikuta nakanyaga kama niliyeibiwa. Nilimpata kwenye kilima, kwa kuwa alikuwa ameshuka anasukuma, nikampita nikiwa nimevimba kwa ushindi. Hata shikamoo niliisahau. Yeye ndiye aliyeanza: "Pole na safari, mwanangu." Kwa hiyo sishangai mtu mzima anaposhindana na mtu asiyejua kwamba anashindaniwa. Siku hizi hata huhitaji mzee wa mkaa. Tangu 2009 ipo programu ya Strava, inayoikata barabara vipandevipande na kumtangaza mwenye rekodi ya kila kipande, na mtu anaweza kukimbizana na jirani aliyepita hapo wiki iliyopita na sasa yuko kitandani amelala.

Mchezo huo ukiingia mahali pa watu wote, hesabu huwa nyingine. Mwaka 2022, kando ya bustani ya Regent's Park jijini London, bibi wa miaka 81 aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na mwendesha baiskeli aliyekuwa akizunguka na kundi lake kwa mwendo uliozidi kikomo cha maili 20 kwa saa kilichowekwa hapo. Alifariki baadaye. Mwendeshaji hakushtakiwa, kwa kuwa kikomo kile kisheria kinayahusu magari, baiskeli hazimo.

Ila kidole changu cha kwanza nakielekeza kwa waandaaji. Wao ndio waliomleta mshereheshaji. Wao ndio waliojenga tao la kumalizia na kusimamisha saa kubwa ya kidijitali juu yake, kisha wakaandika kwenye bango kwamba si mashindano. Binti alisoma alama zote isipokuwa bango. Naye ametoka katika nchi ambamo mtoto akirudi na ripoti ya shule huulizwa kwanza amekuwa wa ngapi, kabla ya kuulizwa amejifunza nini. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora mwaka 2023, lakini sijasikia sebule iliyoacha.

Wenye mashindano walilijua tatizo hili zamani kuliko tunavyodhani. Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, mwaka uliofuata alizianzisha nchini mwake safari za baiskeli za Audax, na humo kuna kanuni moja ya ajabu kwa mtu kama yeye: kundi zima linaongozwa na nahodha wa barabara, na hakuna ruhusa ya kumpita nahodha. Mwendo wa safari hizo siku hizi ni kilomita 22.5 kwa saa, na ukiwa na nguvu za ziada unakaa nazo. Mtu aliyewafanya wenzake wakimbizane kuizunguka Ufaransa nzima hakuliona hilo kuwa la kitoto. Aliona ni vitu viwili, akaviweka mahali pawili.

Sisi hatuhitaji hata kwenda Ufaransa. Waliosoma shule zetu za msingi wanaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri, umande ungali kwenye nyasi. Kiongozi anaanzisha, wengine wanaitikia, miguu inafuata wimbo. Siri yake ilikuwa kwenye pumzi: aliyekimbia hadi akashindwa kuitikia alikuwa ameshatoka mchakamchakani, hata kama yuko mbele. Wimbo ndio uliokuwa nahodha. Wa darasa la kwanza na wa la saba walifika pamoja kwenye mlingoti wa bendera, na sikumbuki mtu aliyewahi kuuliza nani kashinda. Vikundi vya mazoezi ya Jumapili bado vinakimbia hivyo, kwa nyimbo na fulana za rangi moja, na wazee wenye vitambi wamo.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo hayana gharama. Pikipiki ya mbele isimfuate mwenye kasi, imfuate nahodha, na nahodha awe mama mwenye mtoto kwenye karia. Anayempita nahodha ajue ametoka kwenye msafara na kwenye ulinzi wake. Saa ile kubwa ibaki stoo. Wenye kasi wapewe duru yao kwenye barabara hiyohiyo iliyofungwa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wakimbizane watakavyo, na saa moja na nusu wawe wameshuka wanakunywa madafu. Kigali kila kimoja kina siku yake. Tangu 2016 jiji hilo hufunga baadhi ya barabara asubuhi za Jumapili maalumu ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Septemba 2025 jiji hilohilo lilifunga barabara zake kwa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Wiki ile watoto walisimama pembeni wakashangilia, kama inavyostahili. Jumapili nyingine barabara ni yao.

Nilimweleza mmoja wa waandaaji wetu habari ya nahodha. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema wadhamini wanapenda picha za wale wa mbele. Baiskeli zao zinapendeza, na wanafika wakati jua halijawa kali.

Mama wa yule binti nilikutana naye tena kwa fundi, Msasani, wakibadilisha tairi la nyuma. Nikamuuliza kama wataurudia msafara. Akasema mtoto hajakataa. Anachotaka, mara nyingine aje na baiskeli ya gia.