Miombo ya Zombo Inalemewa
Miti ya miombo kutoka Zombo hadi Mikumi, wilayani Kilosa, ina tabia ya ajabu: huchipua majani mekundu mwishoni mwa kiangazi, kabla tone la mvua halijaanguka. Huishi kwa akiba ya maji.

Kiangazi kikizidi, akiba huisha. Hewa huingia kwenye mishipa ya mti, maji hayapandi tena, na matawi ya juu hukauka.

Halafu huja mafuriko. Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo na kuingia mjini Kilosa. Mizizi ya miti ikifunikwa na tope la mafuriko kama hayo muda mrefu, hukosa hewa na kuoza.

Mti uliochoka hivyo, moto wa Oktoba huumaliza. Anayesafisha shamba wakati huo, tafadhali, aache kiberiti.