Likizo ya Uzazi si Fadhila ya Mwajiri

Wako akina mama ambao huambiwa, “Nenda kajifungue, tutaonana ukipona,” wakaondoka bila mshahara na kumshukuru mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, imempa aliyetimiza miezi 6 kazini siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Yampasa kutoa taarifa angalau miezi 3 kabla, pamoja na cheti cha daktari. Ndugu msomaji, taarifa hiyo iandikwe na nakala ibaki nyumbani; neno la mdomo hukanwa siku ya ugomvi.

Likizo yaweza kuanza wiki 4 kabla ya siku inayotarajiwa. Wengi huisogeza mbele ili wapate muda mrefu na mtoto. Ni hesabu halali, ingawa mwili nao una hesabu yake. Akirudi kazini, anastahili hadi saa 2 kila siku za kunyonyesha.

Na binti anayetupikia majumbani mwetu? Naye ni mwajiriwa. Akifukuzwa kwa sababu ya mimba, anazo siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hata kama mwajiri huyo ni muumini wa jumuiya yetu.