Daftari la Wiki: Damu, Matangi na Samaki wa Malindi

Mwanafunzi wa sayansi ya tiba ameambiwa alipe ada ili apokewe hospitalini kwa mafunzo ya nyanjani. Analipa karo chuoni, analipa nauli na chumba, kisha analipa tena ili aoshe chupa na kubandika vibandiko. Kijana huyo anafanya kazi. Asipolipwa, basi angalau asitozwe.

*

Wiki hii niliketi nyuma ya maabara ya chuo kimoja kidogo cha pwani, mwaka wa pili wakifundishwa kupima selimundu. Kipimo chenyewe hakina makuu. Tone la damu juu ya kioo, tone la maji yenye asilimia 2 ya unga wa sodiamu metabaisalfaiti, kifuniko chembamba cha kioo, na vaselini pande zote hewa isipenye. Halafu mnangoja. Unga ule unaimaliza oksijeni iliyomo ndani ya tone, na baada ya nusu saa hivi seli zenye himoglobini ya selimundu huanza kujikunja na kutoa ncha.

"Mwalimu, zangu bado ni za duara."

"Umeangalia ukingoni, binti. Hapo hewa huwahi kupenya. Rudi katikati."

Akarudi katikati, akanyamaza, kisha akamvuta mwenzake mkono aje aone.

Maji yale ya unga hayawekwi akiba, yakilala yanapoteza nguvu. Kwa hiyo kuna mtu alifika asubuhi na mapema kuyachanganya, naye ni fundi wa maabara. Jina lake halimo kwenye ratiba wala kwenye hotuba za mahafali, na bila yeye hakuna somo. Nimeshaandika hili na nitaendelea kuliandika: chuo kinachotaka sayansi kianze kwa kumwajiri fundi wa maabara kwa mkataba wa kudumu.

Vijana wale walikuwa wakifuata njia iliyopita hapahapa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na wakati huo bado mwanafunzi wa udaktari Oxford, alizunguka nchi hii akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta watu wengi wenye jeni moja ya selimundu, mahali pengine wakizidi 20 katika kila 100. Nyanda za juu hawakuwako ila wachache mno. Akajiuliza kwa nini jeni inayoua watoto wanaoirithi kwa baba na kwa mama isitoweke, bali ijae palepale penye malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Leo hakuna kitabu cha jenetiki kinachoikosa habari hiyo, na wanaoifundisha ng'ambo wanaeleza damu ya watu wa huku kwetu.

Ndiyo maana nakereka nikisikia vipindi vya vitendo vikibadilishwa kuwa video kwa sababu kemikali ni ghali. Kemikali nyingine ni ghali kweli. Vimeng'enya vya kunakilia DNA vinataka friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na umeme usiokatika, na hilo kwa chuo kidogo ni mzigo. Lakini unga huu, vioo na vaselini? Chuo kidogo kina jambo moja ambalo ukumbi wa wanafunzi mia nne hauna: kila mmoja anapata zamu yake kwenye hadubini, na mwalimu anamjua kwa jina. Kikiondoa zamu hiyo, sioni kinamuuzia mzazi nini.

Nina neno moja zito zaidi kwa walimu. Msitumie damu ya wanafunzi wenyewe mbele ya darasa zima. Kipimo hiki hakimtenganishi mgonjwa na mbebaji wa jeni. Msichana anaweza kuona seli zake zikijikunja huku wenzake wanachungulia, na kabla ya chakula cha mchana bweni zima limeshaamua nani asimwoe. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Habari kama hiyo mtu huambiwa faraghani, na mshauri aliyefunzwa, baada ya kipimo cha uhakika. Tumieni damu isiyo na jina. Chuo nilichotembelea kinafanya hivyo, na nakipongeza.

*

Kwingineko hadubini mpya bado imo kwenye boksi, inasubiri hafla ya kukabidhiwa. Muhula unaisha!

*

Kuhusu mgomo wa wahadhiri mmesoma vya kutosha. Mimi niliwaza juu ya mtu anayelisha mbu wa utafiti. Viluwiluwi havijui mgomo, naye aliingia kila siku, hata Jumapili.

*

Mwalimu mmoja wa zuolojia amefungua muhula kwa silakanti wa Malindi, yule aliyevuliwa 2001. Hadi 1938 wanasayansi waliamini jamii ya samaki huyo ilitoweka pamoja na dinosaria. Darasa, nasikia, lilipiga kelele za furaha. Naam! Mifano ya kwetu ianze kabla ya ile ya vitabuni.

*

Watoto wa Kilifi walishiriki katika majaribio ya chanjo zote mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Mama zao waliwabeba kliniki juani, wakarudi tena na tena. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayesomea mji huohuo apelekwe akaonane na mama hao, awasikilize.

*

Matangi ya maji: mbu aenezaye malaria, Anopheles stephensi, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, ameshathibitishwa Marsabit. Anapenda miji na huzaliana kwenye maji tuliyohifadhi wenyewe. Kila chuo chenye darasa la biolojia kina wachunguzi tayari, mabweni yao yamezungukwa na matangi. Wapeni upawa mweupe wa kuchotea viluwiluwi, na mtu wa wizara wa kumpelekea ripoti.

*

Mzazi aliyenisimamisha sokoni kuniuliza kama ampeleke bintiye akasomee sayansi ya tiba chuo kidogo: ndiyo, mpeleke. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, uliza kwa maandishi kama kozi hiyo inatambuliwa na bodi ya wataalamu wa maabara za tiba iliyoundwa kwa sheria ya 1999, maana bila leseni yake hataruhusiwa kufanya kazi katika maabara ya hospitali. Wakikujibu kwamba bado wanashughulikia, weka fedha zako hadi uione barua.