Kuitengeneza Fonografu bila Kuiua Sauti Yake

Santuri inapotajwa wengi wetu hukumbuka sahani nyeusi, na pamoja nayo jina la Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Lakini kabla sahani hazijaenea palikuwa na chombo cha kale zaidi, nacho ni fonografu ya silinda. Thomas Edison aliitengeneza ya kwanza huko Marekani mwaka 1877, akitumia karatasi ya bati. Nta ilikuja baadaye, na silinda ziliendelea kuuzwa hadi mwaka 1929.

Chombo hicho hakikuwa cha kuchezea sauti tu, bali kilinasa pia. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikwenda nacho kusini mwa Tanzania ya leo, akanasa nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Walioimba wamekwisha kutangulia, na kilichobaki ni mifuo myembamba juu ya nta. Kwa hiyo aliyerithi fonografu na silinda zake ameachiwa amana mbili: mashine, ambayo vipuri vyake hupatikana, na sauti, ambayo pengine haina nakala popote. Fundi mwenye pupa huiponya ya kwanza kwa kuiua ya pili.

Tutazame kwanza sauti inavyopatikana. Mfuo wa silinda hupanda na kushuka kama vilima na mabonde, ilhali ule wa sahani nyingi za santuri huyumba kushoto na kulia. Kijiwe kidogo cha yakuti hupita ndani ya mfuo huo na kutikisa kijiti kilichokishika. Kijiti huvuta kiungo chembamba cha waya, na kiungo hutikisa kiwambo, yaani utando mwembamba wa shaba au wa ulanga uliomo katika kichwa cha sauti. Mtikisiko wa kiwambo ndio unaotoka katika baragumu kama sauti ya mtu. Hapana umeme hata chembe.

Sauti ikiwa hafifu au ikikwaruza, watu huilaumu nta. Mara nyingi kosa limo katika mpira. Kiwambo hukaa baina ya pete mbili za mpira laini, nazo zikizeeka hukauka na kuwa ngumu kama gamba. Hapo kiwambo hubanwa kisitikisike, na hewa huvuja pembeni. Dawa yake ni kufungua pete ya chuma taratibu, kuondoa mpira mkavu kwa kijiti cha mti na kutia mpya. Pete ikikataa kufunguka, itiwe tone la mafuta ya kulainisha na kuachwa usiku kucha, koleo huipinda. Wakati wa kufunga tusikaze mno, kwa kuwa kiwambo kilichobanwa ni sawa na koo lililokabwa.

Kisha tuangalie kiungo cha waya, kwani kikilegea sauti hutetemeka. Mwisho tukitazame kijiwe kwa kioo cha kukuzia. Kikiwa na ufa au kimemeguka kibadilishwe mara moja, kwa sababu ncha yake huichonga nta kila silinda inapozunguka, na mashine nyingi huizungusha mara 160 kwa dakika. Mchezo mmoja watosha kufuta yaliyodumu miaka mia.

Tusichanganye vichwa pia. Silinda ya dakika mbili ina mifuo 100 katika inchi moja, na ile ya dakika nne, iliyotoka mwaka 1908, ina mifuo 200. Kijiwe cha ile ya kwanza ni kipana mno kwa ya pili. Kichwa chenye almasi kilitengenezwa kwa silinda ngumu za seluloidi za Edison, zilizoanza mwaka 1912. Kikiwekwa juu ya nta huilima kama jembe.

Matengenezo yakikamilika, jaribio lifanywe kwa silinda ya dukani iliyokwisha kuchakaa, wala si kwa ile yenye sauti ya babu. Tuishike kwa kutia vidole viwili ndani yake na kuvitanua, tusiguse uso wa nta, na tuiweke mbali na joto na unyevu, maana nta hulainika kwa joto na huota kuvu mahali penye unyevu.

Na ile silinda ya pekee? Ushauri wetu ni isubiri. Wako wataalamu wa hifadhi za sauti wanaoweza kuisoma kwa mashine nyepesi kuliko kichwa cha zamani na kuitolea nakala. Nakala ikishapatikana, watoto na wajukuu watasikiliza wapendavyo. Kabla ya hapo, kila tunapoicheza tunaitumia, na kinachotumika huisha.