FIDIA YA MFANYAKAZI ISIGAWANYWE GIZANI



Mfanyakazi akivunjika mguu, maumivu ni yake, na miezi ya kukaa bila mshahara ni yake. Lakini fidia ikifika hupita kwanza mikononi mwa wengine, kisha yeye huambiwa: "Hii ndiyo yako, tia sahihi hapa." Haonyeshwi jumla. Haonyeshwi kilichokatwa. Sisi twasema jambo hili lazima likome.

Twajua linavyoanza. Mtu ametoka hospitali na gongo, amerudi nyumbani kwake Kangemi au Kawangware. Anafika mgeni ambaye si wakili, kazi yake ni kutafuta kesi. Asema: "Usitoe hata senti. Nitalipia ripoti ya daktari, na wakili atalipwa tukishinda." Kwa mtu asiye na unga nyumbani maneno haya ni matamu. Anatia sahihi karatasi asiyoisoma, na hapewi nakala.

Sheria yasemaje? Sheria ya Mawakili ya 1989, kifungu cha 46, haiupi nguvu mkataba wa wakili kulipwa akishinda tu, wala wa malipo kupanda na kushuka kwa kadiri ya kushinda au kushindwa. Wakili pia hawezi kununua sehemu ya kesi ya mteja wake. Kifungu cha 45 chakubali mapatano ya malipo, lakini yaandikwe na mteja atie sahihi. Na mteja akiona yamezidi kipimo, aweza kuiomba korti iyabatilishe au iyapunguze. Basi ile "thelathini kwa mia tukishinda" inayonong'onwa katika ngazi za majumba ya katikati ya mji haiwezi kusimama kortini Milimani. Kwa kuwa haiwezi kusimama, haiandikwi. Kwa kuwa haiandikwi, mfanyakazi hana cha kushika mkononi siku ya kugawana.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwenzetu amegongwa na gari Waiyaki Way. Korti yampa Sh. 600,000, na aliyeshindwa aamriwa kulipa gharama za kesi, tuseme Sh. 150,000. Wakili achukua thelathini kwa mia ya fidia, yaani Sh. 180,000. Zile Sh. 150,000 pia abaki nazo, wala hazitaji. Mwenzetu apokea Sh. 420,000 akidhani amelipa thelathini kwa mia. Kumbe katika Sh. 750,000 zilizotoka, wakili amepata Sh. 330,000, yaani arobaini na nne kwa mia! Na kama yule mtafuta kesi ana fungu lake, nalo litakatwa hapo hapo.

Liko jambo jingine ambalo wanachama wengi hawajaambiwa. Ukiumia kazini, mlango wa kwanza si korti. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 yapeleka madai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo Desemba 2019. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Usiporidhika na uamuzi una siku 60 za kupinga, na baada ya jibu lake waweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Anayekudai theluthi ya fidia kwa kukupelekea fomu ambayo karani wa chama aweza kukusaidia kujaza, huyo amefanya kazi gani?

Wako watakaosema: "Bila mapatano haya maskini hatapata wakili." Hatulidharau neno hilo. Wakili amesoma, amefanya kazi, na alipwe. Amri ya Malipo ya Mawakili iko tangu 1962. Ugomvi wetu ni juu ya kuficha. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, imeruhusu tangu 2013 wakili kulipwa sehemu ya fidia, lakini kwa maandishi na kwa kikomo: katika kesi za majeraha haizidi 25 kwa mia, na gharama zilizolipwa na aliyeshindwa hutolewa kwanza katika malipo yake. Katika madai ya kazi kikomo ni 35 kwa mia. Bunge letu likitaka kuruhusu, na liruhusu kwa mwanga kama huo. Kukataza katika kitabu na kufumba macho mitaani kunamlinda mwenye kuficha, hakumlindi mfanyakazi.

Wala tusisahau mwaka 2013, Uingereza ilipotangaza pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Dharura. Jumla hiyo moja ilikuwa na fidia na gharama za kesi pamoja. Mzee aliyesikia "milioni 19.9" redioni angejuaje fungu lake? Ndiyo maana twadai kila fungu litajwe peke yake.

Basi haya ndiyo madai yetu:

1. Kabla ya sahihi, mapatano yaandikwe kwa lugha anayoisoma mwanachama, naye apewe nakala.

2. Siku ya malipo apewe hesabu ya mafungu matano: fidia iliyotolewa, gharama zilizolipwa na aliyeshindwa, malipo ya wakili, matumizi pamoja na risiti, na kilichobaki.

3. Kila aliyetoa fedha za kuendesha kesi kwa kutaraji fungu atajwe, na fungu lake litajwe.

4. Chama cha Mawakili na Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili waifanye hesabu hii kuwa lazima, wasingoje mpaka mtu alie.

Ofisi ya Chama cha Mawakili iko Gitanga Road, Lavington. Wenzetu wa Kawangware huipita barabara hiyo kwa miguu asubuhi wakienda kazini. Haiko mbali na sisi, nasi tusiwe mbali nayo. Wakili mwaminifu hatapoteza kitu kwa madai haya.

Mwanachama, usitie sahihi peke yako. Lete karatasi kwa chama, isomwe kwanza.

UMOJA NI NGUVU.